Mikono ya Renoir: namna baridi yabisi inavyoharibu viungo

Kuna filamu fupi isiyo na sauti iliyopigwa mwaka 1915 kusini mwa Ufaransa. Ukiitazama utamwona mzee mwembamba, amevaa kofia, amekaa mbele ya mchoro ambao haujakamilika. Mvulana wa umri wa miaka 14 hivi amesimama kando yake. Mvulana anachukua brashi na kumwekea mzee katikati ya vidole, kwa sababu vidole vimepinda na haviwezi kuiokota vyenyewe. Mzee huyo ni Pierre-Auguste Renoir, mmoja wa wachoraji mashuhuri zaidi duniani. Mvulana ni Claude, mtoto wake wa mwisho.

Tunakusimulia habari za Renoir kwa sababu aliishi na baridi yabisi kwa karibu miaka 30, wakati ambao hapakuwa na dawa hata moja ya kuuzuia ugonjwa huo. Picha alizopigwa mwaka hadi mwaka zinaonyesha wazi kile ambacho ugonjwa hufanya ukiachwa uendelee. Na ikiwa wewe ndiye unayemuuguza mgonjwa wa viungo nyumbani, iwe ni mama yako, mkwe wako au mtoto, utayatambua mengi, maana mzee huyu hakuchora peke yake. Nyuma yake walikuwepo watu wa kumwamsha, kumvalisha, kumbeba na kumfunga vitambaa mikononi kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwetu watu huita "baridi yabisi" karibu kila maumivu ya viungo: magoti ya uzee, mgongo wa kubeba mizigo, hata maumivu ya msimu wa mvua. Hapa tunazungumzia ugonjwa mmoja tu, ule ambao madaktari huuita rumatoidi athraitisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili.

Kijana mwenye mikono mepesi

Renoir alizaliwa Limoges tarehe 25 Februari 1841. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake alishona nguo. Walihamia Paris akiwa bado mdogo, na alipofika miaka 13 alianza kazi ya kuchora maua na mapambo kwenye vyombo vya kauri. Ni kazi inayotaka vidole visivyotetemeka. Baadaye alisomea uchoraji, akafahamiana na vijana kama Claude Monet, na mwaka 1874 walifanya Paris lile onyesho lililochekwa na wengi lakini likabadilisha historia ya sanaa.

Mke wake, Aline Charigot, alikuwa mshonaji kutoka kijiji cha Essoyes. Walifunga ndoa mwaka 1890 na walipata watoto watatu wa kiume: Pierre, Jean na Claude. Mwaka 1894, alipozaliwa Jean, alikuja kwao msichana wa ukoo wa Aline, Gabrielle Renard, wa miaka 16 hivi, amsaidie kulea mtoto. Litunze jina hilo, tutalirudia.

Ugonjwa ulianzaje?

Mwaka 1897 Renoir alianguka na baiskeli Essoyes akavunjika mkono wa kulia. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba ajali ile ndiyo iliyomletea ugonjwa. Lakini madaktari walioichunguza historia yake baadaye, kwa kutumia barua na picha, wanaweka mwanzo karibu mwaka 1892, alipokuwa na miaka 50 hivi. Katika picha ya mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya ajali, vifundo vya vidole vyake tayari vinaonekana vimevimba.

Hili hutokea hata leo. Mtu huanza kuumwa vidole, halafu familia inatafuta tukio la kulaumu: alianguka, alifua kwa maji baridi, alijifungua akapigwa na upepo, au kuna mtu aliyemtazama vibaya. Miezi inapita watu wakibishana. Ukweli ni kwamba chanzo kamili bado hakijulikani. Kuna asili ya kurithi kidogo, kuna mambo yanayoongeza hatari, na uvutaji wa sigara ni mojawapo. Renoir alikuwa mvutaji. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hauambukizi. Unaweza kulala naye, kula naye na kumkanda bila hofu.

Nini hutokea ndani ya kiungo?

Shika kifundo cha kidole chako sasa hivi ukikunje na kukikunjua. Pale mfupa unapokutana na mfupa, kila ncha imefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye kuteleza kama ile nyeupe unayoiona kwenye mfupa wa kuku. Kiungo chote kimezungukwa na kifuko, na ndani ya kifuko kuna utando mwembamba sana, chembe chache tu kwa unene. Utando huo hutoa ute unaolainisha kiungo, kama mafuta kwenye bawaba za mlango.

Baridi yabisi huanzia kwenye utando huo. Chembe za kinga, zile ambazo watu huziita askari wa mwili, huingia ndani yake kwa wingi kana kwamba kuna adui. Hazimkuti, lakini hazitoki. Zinamwaga kemikali za kuitana, na kila zinavyoitana ndivyo zinavyozidi kuja. Mishipa midogo ya damu hufunguka, maji hujaa kwenye kifuko, na kiungo kinavimba, kinapata joto na kuuma. Mgonjwa akilala bila kujongea usiku kucha, asubuhi vidole vimekakamaa. Kwa uchovu wa kawaida ugumu huo huisha kwa dakika chache. Kwa baridi yabisi huchukua zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima na zaidi, kabla hajaweza kufunga kifungo au kushika mwiko.

Hadi hapo hakuna kilichovunjika. Uvimbe ukizimwa mapema, kiungo kinaweza kubaki kizima, na ndiyo maana miezi ya kwanza ina thamani kubwa kuliko miaka inayofuata.

Usipozimwa, utando unanenepa na kuanza kutambaa juu ya gegedu kama magugu yanavyotambaa juu ya shamba lililoachwa. Unatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gegedu. Wakati huohuo zile kemikali huamsha chembe ambazo kazi yake ya kawaida ni kumomonyoa mfupa uliochakaa ili mwingine ujengwe. Sasa zinamomonyoa mfupa mzima, na hakuna anayejenga. Vitobo vidogo huonekana kwenye picha ya eksirei ukingoni mwa kiungo. Gegedu haioti tena ikishaliwa, na mfupa uliotafunwa haurudii umbo lake.

Kisha zamu ni ya kano, zile kamba zinazoshikilia mifupa na kuvuta vidole. Zinalegea, nyingine zinakatika. Vidole vikikosa cha kuvizuia vinaanza kuelekea upande wa kidole kidogo, vinapinda, na ngumi inabaki imejifunga.

Huo ndio mkono wa Renoir unaouona kwenye filamu. Kuanzia mwaka 1903 hivi ugonjwa wake ulizidi kasi. Vidole vyake viligeukia kiganjani. Bega lake la kulia liliganda hata asiweze kuinua mkono vizuri, kwa sababu kiungo kilicholiwa kabisa kinaweza kufunga, mfupa ukashikana na mfupa. Alipata vinundu chini ya ngozi, jambo linalotokea kwa wagonjwa wengi wa aina hii. Alikonda sana. Kukonda huko watu wengi hukudhani ni kwa kukosa hamu ya kula, au hunong'ona kuhusu ugonjwa mwingine, lakini kemikali zilezile zinazovimbisha viungo huzunguka katika damu na kula misuli. Ni ugonjwa wa mwili mzima. Unaleta uchovu ambao usingizi hauondoi, unapunguza damu, na unaweza kugusa mapafu, macho na moyo. Mgonjwa wako akisema amechoka ingawa hajafanya kazi yoyote, usimwone mvivu.

Joto, maji ya chemchemi na vidonge

Renoir alijaribu kila kilichokuwepo. Alikwenda kwenye miji ya chemchemi za maji moto, Bourbonne-les-Bains na Aix-les-Bains, kuoga na kukandwa. Alimeza antipyrine, dawa ya wakati ule ya homa na maumivu, na dawa za kuharisha ambazo waliamini zinasafisha mwili. Alihama pia baridi ya Paris. Alianza kukaa Cagnes, karibu na bahari, na mwaka 1907 akanunua huko shamba la mizeituni liitwalo Les Collettes.

Joto lilimsaidia kuishi. Maumivu hupungua kiungo kikipata joto, na wewe unajua hivyo kama umewahi kumlowekea mtu mikono katika maji ya vuguvugu asubuhi. Lakini mikono yake iliendelea kupinda chini ya jua la Cagnes kama ambavyo ingepinda Paris. Jina letu "baridi yabisi" linatudanganya kidogo hapa. Baridi huongeza maumivu kwa wengine, ila ugonjwa hautoki kwenye baridi, na soksi na sweta haziwezi kuusimamisha. Pwani ya joto ina wagonjwa pia.

Dawa za maumivu nazo zina mpaka wake. Zinapunguza uchungu, na hilo si dogo, lakini peke yake hazizuii mfupa kuliwa. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akimeza vidonge vya dukani, maumivu yamepungua, huku ndani uharibifu unaendelea kimya.

Alichofanya kwa busara ni kujongea. Alikuwa akirusha na kudaka mipira midogo kila siku ili vidole visikakamae, akicheza na biliadi, na mipira ilipomshinda akatumia kipande cha mti. Tangu mwaka 1901 hivi alitembea na mkongojo mmoja, baadaye magongo mawili. Kufikia mwaka 1912 alikuwa wa kiti cha magurudumu.

Jean, mwanawe, ameandika kisa kimoja katika kitabu chake kuhusu baba yake. Daktari aliletwa, akamwekea mpango wa chakula na dawa za kumtia nguvu, akaahidi kumtembeza. Siku ikafika, akamsimamisha. Renoir alipiga hatua chache kulizunguka turubai, akarudi, akaketi. Kisha akamweleza daktari kwamba anaacha: kutembea kulimaliza nguvu zake zote za nia, na nguvu hizo alizitaka kwa ajili ya kuchora. Hakusimama tena. Madaktari wengi wangelalamika. Sisi tunaona alifanya hesabu ambayo kila mgonjwa wa ugonjwa huu huifanya kila siku: nguvu ni chache, nizitumie wapi? Unapomuuguza mtu, muulize yeye anataka kubakiza nguvu kwa jambo gani. Mmoja atasema kwenda ibadani kwa miguu yake. Mwingine atataka kumsuka mjukuu, na kuoga atakubali kuogeshwa.

Walioshika brashi kabla yake

Wengi husema Renoir alifungiwa brashi mkononi kwa kamba. Si hivyo. Vitambaa unavyoviona kwenye picha zake vilikuwa vya kulinda ngozi. Ngumi isiyofunguka hulowa jasho, kucha huchimba kiganja, na mpini wa brashi huchubua. Mtu alipaswa kuifungua ile mikono taratibu, kuikausha, na kuifunga kitambaa safi, kisha kumwekea brashi katikati ya vidole. Kama mgonjwa wako ana kiganja kilichofunga, kazi hiyohiyo ni yako leo: osha, kausha kabisa, kata kucha ziwe fupi, weka kitambaa laini cha pamba ndani ya ngumi, na usilazimishe kidole kunyooka.

Gabrielle, yule msichana aliyeletwa kulea mtoto, aliishia kuwa mmoja wa walezi wa mzee. Alimsafishia brashi, alimwekea mkononi, akakaa pia kuchorwa; uso wake umo katika michoro mingi. Aliishi nao karibu miaka 20. Aline aliendesha nyumba yote huku yeye mwenyewe akiwa na kisukari. Mwaka 1915, katikati ya vita kuu, Jean alijeruhiwa vibaya mguu, na Aline alisafiri kwenda kumwona hospitali. Alirudi amechoka na mgonjwa, akafariki mwezi Juni mwaka huohuo. Mlezi alitangulia kufa, mgonjwa akabaki. Hatusemi haya kukutisha. Tunakuomba tu, siku unapompeleka mgonjwa wako kliniki, na wewe upimwe presha na sukari siku hiyohiyo, kwa kuwa uko pale tayari.

Nyumba ilibadilishwa imfuate mgonjwa. Bustanini walijenga chumba cha kuchorea chenye vioo vingi. Turubai kubwa ilizungushwa kwenye magogo mawili ili sehemu anayotaka kuchora imfikie alipokaa, badala ya yeye kuinuka. Alipotaka kufinyanga sanamu na vidole havikuweza, aliletewa kijana mchongaji, Richard Guino, na kuanzia mwaka 1913 Guino alifinyanga kwa kufuata maelekezo yake. Kwako mambo hayo yanaweza kuwa kitambaa kilichozungushiwa mpini wa kijiko ili uwe mnene, kamba kwenye kitasa cha mlango, stuli ya kuogea, meza ya kukatia mboga akiwa amekaa.

Mwaka 1919 alibebwa kwenye kiti akapitishwa katika vyumba vya Louvre, akaona mchoro wake mwenyewe ukiwa umetundikwa pale. Mchoro wake mkubwa wa mwisho, wa wanawake wanaooga, aliumaliza kipindi hichohicho kwa mikono ile. Alifariki Cagnes tarehe 3 Desemba 1919, akiwa na miaka 78, kwa nimonia. Magonjwa ya mapafu ni hatari kwa watu wa hali yake hata leo, kwa hiyo kikohozi chenye homa kwa mgonjwa wa baridi yabisi kisisubiri.

Kilichobadilika tangu hapo

Miaka 29 baada ya kifo chake, mwaka 1948, madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walimpa mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi dawa ya kotisoni. Watu waliokuwa hawainuki walitembea, na mwaka 1950 wagunduzi walipewa Tuzo ya Nobel. Furaha ilipungua madhara yalipoonekana: sukari kupanda, mifupa kuwa dhaifu, uso kuvimba, vidonda vya tumbo. Dawa za jamii hiyo, kama prednisolone na deksamethasoni, bado zinatumika na zina kazi yake, lakini kwa kipimo cha daktari na kwa muda. Jihadhari na vidonge visivyo na jina na "dawa za asili" za unga zinazoondoa maumivu yote kwa siku moja. Baadhi zimechanganywa na dawa hizi bila kuandikwa. Na kama mgonjwa amezitumia kwa wiki nyingi, asiziache ghafla. Mwili huwa umesahau kutengeneza ya kwake, na kuacha ghafla kunaweza kuua.

Dawa ambayo Renoir angeihitaji ni ya kundi lingine: zile zinazotuliza kinga yenyewe ili utando usitafune kiungo. Inayotumika zaidi ni methotrexate. Huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi mitatu, kuonyesha kazi, na wengi huiacha mwezi wa kwanza wakidhani haifai. Kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku ni sumu. Chagua siku moja, iandike ukutani. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara na kupewa asidi ya foliki. Hairuhusiwi kabisa wakati wa ujauzito, kwa hiyo binti au mama anayetarajia kushika mimba aseme mapema. Zipo nyingine, kama sulfasalazine na hydroxychloroquine, ambazo daktari anaweza kuchagua. Jambo moja zaidi kwa akina mama: ugonjwa huu mara nyingi hutulia wakati wa ujauzito na kurudi kwa nguvu katika miezi ya baada ya kujifungua. Mama mchanga ambaye hawezi kumnyanyua mtoto asubuhi asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa uzazi.

Watoto nao wana ugonjwa wa jamii hii, kabla ya miaka 16. Mara nyingi mtoto halalamiki. Utamwona anachechemea asubuhi na kucheza vizuri mchana, au anakataa kukaa chini, au goti limevimba bila kuanguka. Uvimbe ukikaa wiki sita, apelekwe kwa daktari wa watoto, na macho yake yapimwe, kwa kuwa unaweza kuvimbisha jicho kwa ndani bila wekundu wala maumivu. Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, asilale nyumbani: hicho kinaweza kuwa na usaha, na hospitali ni siku hiyohiyo. Mtaje pia kama ana seli mundu, au aliumwa koo wiki chache zilizopita, maana magonjwa hayo nayo huumiza viungo na matibabu yake ni tofauti.

Unapokwenda kliniki, beba maelezo haya: viungo gani vimevimba na kama ni vya mikono yote miwili, ugumu wa asubuhi huchukua muda gani kwa saa, ulianza mwezi gani, na pakiti za dawa zote alizomeza, pamoja na zile za mtaani. Kama una simu, piga picha ya mikono yake asubuhi ikiwa imevimba. Daktari atakayemwona mchana, vidole vikiwa vimelegea, ataihitaji.